Picha nyingi, bando dogo: zana za bure za kuhariri, kupanga na kugawa picha zikipimwa Dodoma

Mtu akikusifia zana ya picha kwamba ni ya bure, muulize kazi yenyewe inafanyika wapi. Zipo zana ambazo picha haitoki kwenye mashine yako, kivinjari ndicho kinachofanya kazi yote. Zipo nyingine ambazo picha lazima ipande kwanza kwenye seva ya mbali, ihaririwe huko, kisha uishushe upya. Mwenye faiba ofisini Mtumba hataiona tofauti hiyo. Mwenye steshenari jirani na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), anayeunga bando kwenye simu na kulirushia kompyuta kwa hotspoti, ataiona kabla ya saa sita mchana. Kwake zana ya bure inayopandisha kila picha ina bei, ila bei hiyo anailipa kwa kampuni ya simu. Tumezipima zana hizi kwa kipimo hicho kwanza, mengine baadaye.

Inayoongoza ni Photopea, na zilizobaki ziko mbali nayo. Ni ukurasa wa wavuti uliotengenezwa na mtu mmoja, Ivan Kutskir, anayeishi Jamhuri ya Czech, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2013. Ukiufungua unakutana na sura inayofanana mno na Photoshop: vifaa kushoto, matabaka (layers, picha zilizopandana moja juu ya nyingine) kulia, menyu juu. Haikudai akaunti wala namba ya simu. Inafungua mafaili ya PSD, yaani ya Photoshop, na matabaka yake, ya GIMP, programu huria ya kuhariri picha, hata picha ghafi za kamera kama CR2 na NEF. Kubwa zaidi ni kwamba picha unayoifungua haipandishwi popote. Ukurasa ukishapakia unaweza kuzima data ukaendelea kukata, kung'arisha na kuhifadhi, na bando halipungui. Anayetaka kuhakikisha azime hotspoti katikati ya kazi aone.

Malipo ya Photopea ni matangazo yanayokaa ukingoni kulia. Kwenye skrini ya inchi 14 yanakula nafasi, na anayekerwa anaweza kulipia yakaondoka. Udhaifu wa kweli uko kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Mashine ya RAM GB 2 ikibeba picha ya megapikseli 24 yenye matabaka sita au saba huanza kuvuta, kisha kivinjari hufunga ukurasa bila kuaga. Kazi yako haihifadhiwi kwenye seva yoyote, kwa hiyo ukurasa ukifungwa kabla hujahifadhi, imepotea. Dawa ni kubofya "File", kisha "Save as PSD", kila baada ya hatua kubwa. Faili linaangukia kwenye folda ya Downloads. Na kabla ya kuanza funga kurasa nyingine zote, hasa ile ya video.

Kazi inayoonyesha thamani yake vizuri ni picha za pasipoti, mkate wa kila siku wa steshenari za mjini. Picha ya sentimita 3.5 kwa 4.5, kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi (DPI 300), ni pikseli 413 kwa 531. Fungua picha, bonyeza herufi C kupata kifaa cha kukatia, na kwenye ubao wa juu chagua ukubwa usiobadilika, andika 413 na 531. Weka uso katikati, acha nafasi kidogo juu ya nywele, bonyeza Enter. Kisha fungua karatasi mpya ya pikseli 1800 kwa 1200, DPI 300. Hiyo ndiyo karatasi ya inchi 6 kwa 4 ikiwa imelazwa. Nakili picha, ibandike, kisha ushikilie Alt huku ukiiburuta kwa kifaa cha kusogezea ili izae nakala. Zinaingia nne kwa upana na mbili kwa urefu, jumla nane, na ukingo wa kupitisha mkasi unabaki. Wengi husimamisha karatasi, wakapata sita. Picha mbili kwa kila karatasi ni hela inayotupwa.

Hapo ndipo malalamiko huanza: mteja anarudi akisema picha imekataliwa, ukiipima kwa rula inasoma milimita 37 badala ya 35. Usiilaumu Photopea. Printa ilikuwa imewekwa kwenye "fit to page", au kwenye uchapaji usio na kingo nyeupe, ambao hukuza picha kidogo ili wino ufike mpaka ukingoni. Chapa kwa asilimia 100, ukingo ubaki, na upime karatasi ya kwanza kabla ya kutoa ya pili.

Mandharinyuma ni suala jingine. Ofisi moja inataka bluu, nyingine nyeupe, na mteja anafika na picha aliyopigwa mbele ya geti. Kifaa cha kuchagua kwa haraka, herufi W, kinashika mabega na shingo vizuri, lakini kwenye nywele za asili kinakata kavu, mtu anaonekana amevaa helmeti ya bodaboda. Pitia "Select", kisha "Refine Edge", upake brashi juu ya ukingo wa nywele tu, vinyweleo vinarudi. Hata hivyo kitambaa cha bluu ukutani na mteja akisimama mita moja mbele yake, ili kivuli kisiangukie kitambaa, vinashinda uhodari wote wa kompyuta. Ipo remove.bg, inayoondoa mandhari kwa sekunde chache na kwa ustadi, ila ya bure inakupa picha ya megapikseli 0.25 tu. Kwa picha ya pasipoti yenye pikseli 413 kwa 531 hiyo yaweza kutosha, mradi uso uwe umejaza fremu kabla ya kuipandisha. Kwa bango haifai. Na kumbuka picha ya mteja imekwenda kwenye seva ya watu.

Squoosh ni ndogo, ina kazi moja, na kazi hiyo inaijua. Ilitolewa mwaka 2018 na kikundi cha Chrome cha Google, nayo inafanya kila kitu ndani ya kivinjari kama Photopea. Kazi yake ni kupunguza uzito wa faili. Mfumo wa maombi ya kazi ukidai picha au cheti kisizidi KB 200, na simu imetoa faili la MB 4, hapa ndipo mahali pake. Buruta picha ndani, washa "Resize", andika upana wa pikseli 1000 kwa picha ya mtu au 1600 kwa cheti, kisha kwenye orodha ya aina chagua MozJPEG. Sogeza ubora kutoka 75 kushuka huku ukitazama pembeni KB zinavyopungua. Skrini imegawanywa na mstari, upande mmoja picha ya zamani na upande mwingine mpya, kwa hiyo unaona kwa macho yako mahali herufi za cheti zinapoanza kuota ukungu. Rudi juu hatua moja kutoka hapo.

Mtego wake ni aina za kisasa za mafaili ya picha. AVIF na WebP hutoa mafaili madogo kuliko JPEG, na Squoosh inakushawishi uzichague. Mifumo mingi ya maombi haizikubali, na ujumbe wa makosa unaotoka hausemi kwa nini. Vivyo hivyo kwa wenye iPhone, ambazo tangu iOS 11 ya mwaka 2017 huhifadhi picha kwa HEIC. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, "Formats", chagua "Most Compatible", na picha zitakazofuata zitakuwa JPEG. Squoosh pia inashughulikia picha moja kwa wakati. Mwenye mia tano atazeekea hapo. Huyo apakue digiKam, programu huria ya kompyuta yenye foleni ya kupunguza na kubadili picha kwa mkupuo, inayofanya kazi bila intaneti.

Kwenye simu, Snapseed bado haina mpinzani kwa wasiotaka kulipa. Ilianza mwaka 2011 chini ya Nik Software, Google ikainunua kampuni hiyo mwaka uliofuata. Haina matangazo, na baada ya kuipakua haihitaji data. Kwa mwanga wa Dodoma vifaa vyake viwili vinatosha kuibakiza kwenye simu. Cha kwanza ni "White Balance". Jua la saa saba kwenye ardhi nyekundu hurusha wekundu kutoka chini, shela jeupe la bibi harusi linageuka rangi ya chai ya maziwa. Gusa alama ya kinyonyeo, ipeleke kwenye sehemu ya shela iliyo kivulini kiasi, si ile iliyopigwa na jua mpaka ikapoteza nyuzi zake, na rangi inajisawazisha. Cha pili ni "Selective". Gusa uso, vuta vidole viwili kupunguza duara mpaka libaki usoni, kisha telezesha kidole kulia kuongeza mwanga. Uso ulio chini ya kofia ya mahafali unatoka kivulini bila kuunguza anga. Ongeza 20 au 30. Ukifika 60 ngozi nyeusi inakuwa ya majivu, na mwenyewe hatakuambia, atakwenda kwa mpiga picha mwingine msimu ujao. Kichujio cha "HDR Scape" kipite mbali. Kabla ya kutoa picha, angalia kwenye mipangilio kwamba haipunguzi ukubwa na kwamba ubora wa JPG uko juu.

Madoa yanayojirudia mahali palepale kwenye kila picha, hasa angani, ni vumbi lililokaa ndani ya kamera. Kipupwe kikianza kuvuma baada ya mavuno yanaongezeka. "Healing" ya Snapseed au "Spot Healing Brush" ya Photopea huyafuta moja moja. Ukiona unafuta doa lilelile kwa mara ya thelathini, kamera inataka kusafishwa.

Canva tuipite haraka. Kwa kadi ya mchango, bango la kitchen party au tangazo la zabibu za Mpunguzi ni rahisi kuliko chochote, na hati ya PDF ya kuchapia inatoka bure. Kwa kuhariri picha yenyewe ni ya kawaida tu. Kuondoa mandhari, kubadili ukubwa wa kazi iliyokwisha na kupata PNG isiyo na mandhari, vyote ni vya kulipia. Ukiweka pambo la kulipia utaligundua mwishoni, lina alama juu yake, wakati mteja amesimama dirishani. Tena kila unachogusa kinakwenda na kurudi mtandaoni. Mtandao ukikatika, umekaa.

Sasa kupanga na kutunza. Google Photos ndiyo iliyo kwenye simu za walio wengi, na ndiyo inayowachanganya. Ilipoanza mwaka 2015 ilitoa nafasi isiyo na kikomo kwa picha zilizopunguzwa ubora. Mlango huo ulifungwa Juni 1, 2021. Tangu hapo kila picha inahesabiwa ndani ya GB 15, na hizo GB 15 zinatumiwa pamoja na Gmail na Drive. Kamera ya megapikseli 24 hutoa JPEG ya MB 8 hivi. Harusi ya picha 500 ni GB 4, kwa hiyo harusi ya nne haimaliziki. Nafasi ikijaa, Gmail inaacha kupokea barua. Fikiria mtu anayesubiri barua ya kuitwa kwenye usaili, huku kikasha chake kimezibwa na picha za send-off ya binamu. Mpiga picha afungue akaunti ya kazi, tofauti na ya barua zake.

Ukichagua "Storage saver", picha inayozidi megapikseli 16 inashushwa hadi 16. Kwa A4, inayohitaji pikseli 2480 kwa 3508, bado inatosha na kubaki. Ukichagua ubora wa asili, nafasi inakwisha mapema. Kwa picha za familia, "Storage saver" inafaa. Picha za kazi ya kulipwa zikae kwa ubora wa asili kwenye diski ya nje, nakala mbili, moja isikae nyumba moja na kompyuta.

Kitu kinacholiza watu ni kufuta. Picha iliyokwisha kupanda Google Photos, ukiifuta ndani ya programu hiyo kwenye simu, inafutika na kule juu. Watu wanafuta ili simu ipumue, wanaamini nakala iko salama mawinguni. Kitufe cha kazi hiyo ni "Free up space", kinachoondoa za kwenye simu pekee, na hapo pia anza kwa kuhakikisha zimemaliza kupanda. Ukikosea, kapu la taka linatunza zilizopanda kwa siku 60, ambazo hazikupanda siku 30. Baada ya hapo hata Google hawana.

Mpangilio wa tarehe nao una ugonjwa wake. Wapiga picha wawili kwenye harusi moja, kamera ya mmoja ikiwa nyuma kwa saa tatu, keki itakatwa kabla ya ndoa kufungwa. Google Photos kwenye kompyuta inalitibu hilo: chagua picha zote za kamera hiyo, fungua "Edit date & time", kisha uzisogeze zote kwa pamoja badala ya kuzipa tarehe moja. Dawa ya bure zaidi ni kusawazisha saa za kamera kabla ya kutoka nyumbani. Folda nazo zipe majina yanayoanza na mwaka, mwezi, siku, mfano 2025-06-14-sendoff-AreaC, na kompyuta yoyote itazipanga yenyewe. Picha iliyopokelewa WhatsApp mara nyingi hupoteza tarehe yake ya kupigwa. Jina lake, kama IMG-20250614-WA0003, linabeba tarehe ya WhatsApp tu.

Steshenari kadhaa bado zinatembeza Picasa, programu ya zamani ya Google ya kupanga picha, kwenye flashi. Google iliiacha mwaka 2016. Kutazama na kupanga picha kwenye kompyuta kuukuu bado inaweza, ila kupandisha mtandaoni kumekwisha na haitarekebishwa tena.

Flickr, tovuti ya kuweka picha, ni ya maonyesho. Akaunti ya bure inaishia picha 1,000, na kati ya hizo zisizo za hadhara haziwezi kuzidi 50. Hiyo 50 ndiyo inayoiharibia sifa kwa kazi za wateja, kwa sababu harusi ya mtu si ya kuanikwa. Kwa mwongozaji wa watalii wa Kolo anayetaka michoro ya miambani ya Kondoa ionekane duniani, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, picha 1,000 ni nyingi kuliko atakazohitaji.

Kugawa picha ndiko bando linakoteketea. WhatsApp ya kawaida inaminya picha hadi upande mrefu wa pikseli 1600 hivi. Kwa kutazama kwenye simu inatosha, kwa kuchapa A4 inatoka laini kama imepigwa kwenye ukungu wa asubuhi. Chaguo la HD, lililokuja mwaka 2023, linaongeza, lakini bado linaminya. Ukituma kama hati, faili linafika lilivyo, hadi GB 2. Hapo kuna jambo la kujihadhari: picha iliyotumwa kama hati inabeba taarifa zake zote, pamoja na mahali ilipopigwa kama simu ilikuwa imewashwa GPS. Dalali anayetuma picha za nyumba ya Ilazo akitumia njia hii anatuma na ramani ya mlangoni, na mteja anaweza kumruka akaenda mwenyewe kwa mwenye nyumba. Ikitumwa kama picha ya kawaida taarifa hizo huondolewa.

Kwa harusi nzima tumia kiungo cha albamu ya Google Photos au folda ya Drive. Lakini usipandishe GB 4. Punguza kwanza kwenye digiKam: upande mrefu pikseli 2048, ubora 80. Picha 500 zinashuka hadi MB 400 au 500, na picha ya inchi 4 kwa 6 inayohitaji 1200 kwa 1800 bado inatoka safi. Waeleze wenye shughuli kwamba za A4 na kuzidi wataletewa kwa flashi, kwa sababu pikseli 2048 kwenye A4 ni nukta 175 kwa inchi tu. Mzigo huo hautoki kwako peke yako. Kila shangazi anayepakua albamu nzima analipa bando lake, na wapo thelathini.

Kwenye albamu, zima ruhusa ya wengine kuongeza picha, la sivyo baada ya siku mbili utakuta humo meme za asubuhi njema. Zima pia kuonyesha mahali. Kiungo hicho anaweza kukifungua yeyote aliyekipata, si uliyemtumia peke yake, na kikishaingia kwenye kundi la ukoo hakirudi. Picha za watoto wa shule zisipite njia hii bila ridhaa ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake.

Kabla ya kutuma kiungo cha Drive, kifungue kwanza kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambalo halijui akaunti yako. Kikikudai uingie kwa nenosiri, folda bado iko "Restricted", na simu zitaanza kuita dakika tano baada ya kukituma. Bofya "Share", badilisha iwe "Anyone with the link", acha mpokeaji awe "Viewer", kisha ukijaribu tena. Mwezi mmoja baada ya wenyewe kuthibitisha kwamba wameshapakua, kizime.